Milioni 45 kwenye kiwanda kidogo cha juisi ya nanasi: ninunue hisa au niache?

Mstaafu wa Bombo

Salaam kwenu nyote. Mimi ni askari mstaafu na makazi yangu yapo Bombo, hapa Uganda. Baada ya kumaliza nyumba na kulipa madeni, kiinua mgongo changu kimebaki shilingi milioni 60, na nimeshaona kwa wenzangu jinsi fedha ya namna hii inavyoliwa na harusi, misiba na mashemeji wenye miradi, hadi mwenyewe anabaki akisimulia tu kwamba aliwahi kuwa nayo.

Sasa amenijia kijana mmoja, mtoto wa rafiki yangu tuliyetumikia naye jeshini, ambaye ana kiwanda kidogo cha juisi ya nanasi iliyochanganywa na tangawizi, karibu na Wobulenzi. Kiwanda kina umri wa miaka minne na wafanyakazi kumi na mmoja. Anauza kwa wastani katoni 1,100 kwa wiki, kila katoni ikiwa na chupa 12 za mililita 300. Bei yake ya kiwandani ni shilingi 9,500 kwa katoni, na dukani chupa moja huuzwa shilingi 1,000. Anasema kwamba mwaka uliopita alipata faida ya milioni 60 kabla ya kodi. Anataka nimpe milioni 45, naye anipe asilimia 15 ya kampuni. Milioni 28 zitanunua mashine ya kupuliza chupa za plastiki, ambazo kwa sasa anazinunua zikiwa tayari kutoka Kampala, na milioni 17 zitanunua gari dogo la mizigo la mtumba. Mwakani anakusudia kutumia mashine hiyo hiyo kuanza kutengeneza maji ya kunywa.

Juisi yenyewe nimeinywa mara nyingi na sina shaka nayo, kwa maana nanasi la Luwero unalisikia ulimini na tangawizi inakukwaruza koo kama inavyopaswa. Shaka yangu ni nyingine. Kila duka ninaloingia, kuanzia hapa Bombo hadi Kawempe, friji imejaa vinywaji vya jamii ya Coca-Cola na Pepsi, na penye nafasi iliyobaki wamekaa Riham na Splash. Je, mtu mwenye akili timamu anaweka fedha ya uzeeni katika kampuni ndogo iliyozungukwa namna hiyo? Na kama jibu ni ndiyo, aingie kwa mlango gani? Naomba majibu ya watu waliowahi kuishika biashara hii au hesabu zake. Wa kunitia moyo ninao wa kutosha nyumbani.

Mhasibu, Jinja

Afande, heshima yako. Nianze na hesabu uliyopewa, kwa sababu nusu ya jibu imo humo.

Milioni 45 kwa asilimia 15 maana yake kijana anasema kwamba kampuni nzima, fedha yako ikiwa imeshaingia, ina thamani ya milioni 300. Faida ya milioni 60 ikitozwa kodi ya mapato ya kampuni, ambayo ni asilimia 30, inabaki milioni 42. Fungu lako ni milioni 6 na laki tatu, na gawio likitolewa hukatwa kodi ya zuio ya asilimia 15, kwa hiyo mkononi unapokea shilingi 5,355,000 kwa mwaka. Sasa chukua milioni 45 hizo hizo, uende benki ukanunue hati fungani ya serikali ya miaka kumi. Tukikadiria riba ya asilimia 14, unapata milioni 6 na laki tatu zile zile, zinakatwa kodi ya asilimia 10 kwa kuwa ni hati ya muda mrefu, na unabaki na 5,670,000. Yaani serikali inakulipa zaidi kidogo kuliko kiwanda, bila wewe kuamka usiku kujiuliza kama mtambo umeharibika. Na hapo nimechukulia kwamba kijana atagawa faida yote pasipo kubakiza hata shilingi ya kununulia mananasi, jambo ambalo mwenye kiwanda kinachokua hawezi kulifanya.

Kwa hiyo hisa hizi zina maana tu ikiwa kampuni itakuwa kubwa kupita ilivyo leo. Ushindani unaingia hapo, ila si kwa njia ambayo wengi hudhani. Wakubwa hawana haja ya kushusha bei ili kumuumiza. Wakimwacha tu akue kwa kuuza kwa mkopo, atajikaba mwenyewe. Muulize wenye maduka wanamlipa baada ya siku ngapi. Katoni 1,100 kwa shilingi 9,500 ni milioni 10 na laki nne na nusu kwa wiki. Kama wanalipa baada ya wiki tatu, basi muda wote anadai zaidi ya milioni 31, na hata ukiondoa faida iliyomo, kama milioni 28 za mananasi, sukari, chupa na mishahara, ambazo ameshazitoa mfukoni, zimelala kwenye rafu za watu. Akitaka kuuza mara mbili, ambayo ndiyo sababu ya kununua mashine na gari, atahitaji milioni 28 nyingine za kulaza huko huko, sawa na bei ya mashine yenyewe, na katika mgawanyo aliokupa hakuna hata shilingi iliyotengwa kwa kazi hiyo. Mashine itafika, gari litafika, na mwezi wa tatu atakupigia simu akiomba kiasi kingine kidogo. Utampa, kwa sababu usipompa, zile 45 za kwanza zitakuwa zimekwama.

Jambo la pili ni uzito wa asilimia 15. Kwa sheria yetu ya kampuni ya mwaka 2012, azimio maalumu hupitishwa kwa robo tatu ya kura, kwa hiyo anayeweza kulizuia ni mwenye zaidi ya robo. Wewe huzuii chochote. Anaweza kutoa hisa mpya zikapunguza fungu lako, anaweza kujiongezea mshahara hadi faida ikaisha kwenye karatasi, na hutakuwa na mahali pa kuuzia hisa zako siku utakapougua, kwa kuwa kampuni binafsi hairuhusiwi kuzitangaza kwa umma. Ninajua kwamba ni mtoto wa rafiki yako. Nimeshuhudia ndugu wa tumbo moja wakiburuzana mahakamani kwa ajili ya mashine ya kukoboa kahawa.

Kabla ya yote, nenda URSB, ofisi ya serikali inayosajili kampuni, uombe taarifa za kampuni: wanahisa ni akina nani, na marejesho ya kila mwaka yamewasilishwa au la. Papo hapo tazama daftari la dhamana za mali zinazohamishika, lililotokana na sheria ya mwaka 2019, uone kama mitambo uliyoonyeshwa haijawekwa dhamana kwa mkopo wa mtu mwingine. Tena ujue waziwazi kama fedha yako inaingia kwenye akaunti ya kampuni kwa hisa mpya, au inaingia kwa kijana kwa hisa zake za zamani. Cheti utakachopewa kitafanana, lakini katika hali ya pili kiwanda hakipati hata bomba.

Ningekuwa wewe ningeinunua mashine kwa jina langu, nikamkodisha kwa malipo ya kila mwezi, na hisa tungezizungumza baada ya miaka miwili.

Jumla na Rejareja, Lira

Mzee wangu, nilikuwa mtu wa mauzo wa kampuni moja kubwa ya soda kwa miaka sita kabla ya kufungua duka langu la jumla, kwa hiyo friji unayoizungumzia nimeifungua mara nyingi kuliko mlango wa nyumba yangu.

Friji ile ya mlango wa kioo si mali ya mwenye duka. Amepewa kwa karatasi aliyoitia saini, na karatasi inasema kitakachokaa ndani. Kila Jumanne nilifungua mlango, nikaipiga picha rafu kwa simu, na picha ilikwenda kwa msimamizi wangu kabla sijatoka dukani. Rafu zilizo usawa wa macho lazima ziwe zetu. Nikikuta juisi ya mtu mwingine niliitoa kwa mikono yangu mwenyewe na kuipanga juu ya kaunta kando ya mikate, kwa adabu kabisa, huku mwenye duka akijifanya anatafuta chenji. Saa nane mchana wa Februari, mtu aliyetoka juani hanunui juisi ya vuguvugu, hata iwe tamu namna gani. Baada ya wiki tatu mwenye duka alimwambia yule mtu wa juisi kwamba bidhaa yake haitoki, na alikuwa akisema kweli. Hapakuwa na vita ya bei wala mtu kumchafulia mwenzake jina. Chupa zilihamishwa hatua mbili tu, kutoka kwenye baridi hadi kwenye joto.

Kuna kamba nyingine isiyoonekana, nayo ni kreti. Duka lenye kreti arobaini za chupa za kioo limeweka amana kwa kila kreti na kila chupa. Mwenye duka akiamka na laki moja mkononi, kwanza anakimbilia kujaza kreti tupu, kwa kuwa kreti tupu ni fedha yake iliyokufa. Msambazaji mdogo analipwa kwa kinachobaki, na mara nyingi hakibaki. Ndiyo maana mhasibu ana haki ya kuuliza habari ya siku za mkopo kabla ya kuuliza habari ya ladha.

Watu watakutajia Riham kama mfano wa mgeni aliyewakalia wakubwa. Mfano ni mzuri ila husimuliwa nusu. Walikuja na soda ya chupa ya plastiki ambayo mtu anapanda nayo basi, wakati wakubwa walikuwa bado wanategemea sana chupa ya kioo inayorudishwa, na kwa hivyo waliikata ile kamba ya kreti. Lakini walikuwa tayari wanajulikana madukani kwa biskuti, na magari yao yalijua njia. Kijana wako atakuwa na gari moja la mtumba.

Hata hivyo sikushauri umkimbie, maana kuna mahali ambapo friji ya mtu haifiki. Wobulenzi iko kwenye barabara ya Kampala kwenda Gulu. Mchuuzi anayekimbilia dirisha la basi akiwa amebeba boksi lenye barafu hana mkataba na kampuni yoyote, na analipa taslimu asubuhi, kwa kuwa kila mtu anajua kwamba kesho huenda asionekane. Ongeza kantini za shule, harusi na mikutano ya kanisa. Nenda ukae pale kituoni siku nzima, uhesabu. Kisha muulize kijana kati ya katoni 1,100 ni ngapi hulipwa taslimu. Mimi namba hiyo ningeitaka kabla sijaitazama hata karatasi moja ya faida.

Mwanafunzi wa sheria, Mbale

Ningependa kuongeza kwamba tangu mwaka 2024 tuna sheria ya ushindani, ambayo inakataza kampuni yenye nguvu kubwa sokoni kuitumia vibaya nafasi hiyo. Kumwondolea mshindani bidhaa zake katika friji kunaweza kulalamikiwa, na jambo hilo linampa mwekezaji mdogo kinga ambayo zamani haikuwapo.

Jumla na Rejareja, Lira

Ndugu mwanafunzi, sheria naiheshimu. Ila shahidi wako atakuwa mwenye duka, na siku akitajwa katika malalamiko, friji itaondoka kabla yeye hajafika kutoa ushahidi. Ataisikitikia friji kuliko haki.

Mtengenezaji wa bushera, Mbarara

Mzee, mimi ni mama ninayetengeneza bushera ya mtama na ulezi kwa mwaka wa tisa sasa, na huko nyuma nilijaribu juisi ya nanasi, kwa hiyo naomba niseme kama mtu aliye upande wa huyo kijana.

Shauri la kununua mashine kwa jina lako ni zuri, lakini malipo yasiyobadilika ya kila mwezi ndiyo yaliyokaribia kunifunga mimi. Mvua ikinyesha wiki mbili mfululizo watu hawanywi vitu vya baridi, shule zikifungwa kantini zinafungwa, lakini mwenye mashine anataka chake tarehe ile ile. Unaanza kumlipa kwa fedha ya ulezi, na mwezi unaofuata huna cha kutengeneza. Afadhali ulipwe kwa katoni. Chupa akiipuliza mwenyewe badala ya kuinunua, kwa hesabu za kwangu, baada ya umeme anaokoa kama shilingi 40, ambazo kwa katoni ni 480. Akikupa 150 katika hizo 480 hataumia. Kwa katoni 57,200 za mwaka hiyo ni milioni 8 na zaidi ya laki tano, na mkikubaliana kwamba mashine itakuwa yake ukishapokea jumla ya milioni 45, basi kwa mauzo ya leo ni miaka mitano na miezi michache, na akiuza zaidi ni mapema zaidi. Yeye akipumua na wewe unapumua. Ila umeme uuchunguze, kwa sababu kinachokula umeme ni kompresa ya hewa zaidi ya ile mashine yenyewe, na umeme ukikatika katikati ya kazi, chupa zilizokwisha kupashwa moto zinaharibika.

Sasa ushuru. Juisi yenye angalau asilimia 30 ya rojo ya matunda yaliyolimwa Uganda imetolewa katika ushuru wa bidhaa. Iliyo chini ya hapo hutozwa asilimia 12, na sheria imeweka pia kiwango cha chini kwa lita. Hii ndiyo nafasi pekee ninayoijua ambapo sheria ya kodi inampa mdogo nafuu ambayo soda ya mkubwa haina. Kwa hiyo usimuulize kama juisi ni ya nanasi, maana atasema ndiyo. Muulize kama ni rojo ya tunda, au ni maji yaliyochemshiwa maganda na tangawizi kama munaanansi tunayopika nyumbani. Munaanansi ni tamu na gharama yake ni ndogo, lakini maganda yaliyochemshwa si rojo, na siku wakaguzi wa kodi watakapokuja na kipimo, faida ile ya milioni 60 itaanza kuhesabiwa upya kuanzia miaka ya nyuma. Nanasi likiadimika, kishawishi cha kuongeza maji huwa kikubwa mno, nami ninakisema kwa kuwa kiliwahi kunishika.

Kuhusu maji ya chupa, mkataze. Maji hayana ladha ya kumtofautisha na mtu yeyote, atakuwa anashindana na Rwenzori na Nivana kwa bei tupu, na atalazimika kubandika stempu za kodi za kidijitali, zilizoanza mwaka 2019, kwenye kila chupa na kuzilipia kabla hajauza. Wala asidhani kwamba alama ya ubora ya Q aliyoipata UNBS, shirika la viwango, kwa juisi itafunika na maji. Alama hutolewa kwa bidhaa, na maji yana safari yake ya vipimo.

La mwisho, ukitembelea kiwanda usikae ofisini. Zunguka nyuma, penye bomba la maji machafu, utafute chupa zilizorudishwa. Juisi ya nanasi isiyochemshwa sawasawa huchachuka humo humo ndani. Chupa inavimba, kitako chake kinatokeza nje hadi haisimami mezani, na ukiifungua inapiga mlio kama soda. Mimi nilipata chupa za namna hiyo 600 katika wiki moja, nikazimwaga usiku ili majirani wasione. Kiwanda kisicho na chupa zilizorudi hata moja usikiamini. Chenye nyingi, ukae nacho mbali.

Mhasibu, Jinja

Ninakubaliana na mama wa Mbarara kuhusu malipo kwa katoni. Hesabu yake ni nzuri kuliko yangu, mradi Afande akumbuke kwamba malipo hayo nayo ni mapato yanayotozwa kodi. Niongeze kitu kimoja tu. Kijana akuonyeshe risiti zake za EFRIS, zile za kielektroniki zinazokwenda moja kwa moja kwa mamlaka ya kodi, za mwaka mzima. Zikionyesha katoni 600 kwa wiki na si 1,100, basi ama nyingine haziuzwi ama haziripotiwi, na vyote viwili vitakuwa tatizo la mwanahisa. Jirani zetu Kenya wana mfano wa Keroche ya Naivasha, iliyoanzishwa mwaka 1997 na kuingia katika bia mwaka 2008 mbele ya uso wa EABL, kampuni kubwa ya bia ya huko. Ilivumilia ushindani ule miaka mingi, lakini mwaka 2022 mamlaka ya kodi ndiyo iliyokuja kuufunga mlango kwa sababu ya malimbikizo.

Na kama kuna mtu anakuambia kwamba siku moja mkubwa atakuja kuinunua kampuni nawe utoke na donge nono, ni kweli kwamba Rwenzori lilikuwa jina la hapa nchini na leo liko chini ya jamii ya Coca-Cola. Ila lililonunuliwa ni jina lililokuwa linajulikana nchi nzima.

Mstaafu wa Bombo

Nimechelewa kujibu kwa sababu nilikwenda kutazama mwenyewe, na ninawashukuru wote kwa kunipa cha kutazama.

Kijana alinipa orodha ya maduka, nikachagua kumi na manne bila kumwambia nitakwenda lini. Katika matano juisi ilikuwa ndani ya friji, na mara zote ilikuwa rafu ya chini kabisa, nyuma ya maji. Katika sita ilikuwa juu ya kaunta, kama alivyosema ndugu wa Lira, na mojawapo ilikuwa kando ya mikate kweli, nikacheka peke yangu hadi mwenye duka akaniuliza kama naumwa. Matatu yalikuwa yameacha kuiagiza. Kisha nilikaa kituoni Wobulenzi kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi. Wachuuzi tisa walikuwa na juisi yake kwenye maboksi ya barafu, na wanne walirudi kuongeza mzigo kabla ya saa saba. Hakuna hata mmoja aliyekuwa na deni.

Daftari lake linaonyesha kwamba katoni 390 kwa wiki hulipwa taslimu na 710 huenda kwa mkopo wa wastani wa siku 24, maana yake zipo kama milioni 23 nje. Risiti za EFRIS zinakaribiana na daftari. Rojo ni asilimia 32, kwa mujibu wa karatasi ya maabara aliyonionyesha, na nilimwona mfanyakazi akimenya mananasi, maganda yakienda kwa ng'ombe wa jirani. Nyuma ya kiwanda nilikuta beseni lenye chupa 37 zilizovimba, na kijana hakujaribu kunizuia nisizihesabu, jambo ambalo nimeliandika upande wake mzuri. Upande mwingine ni kwamba kule URSB niliikuta mashine yake ya kujazia chupa imewekwa dhamana kwa mkopo wa SACCO wa milioni 12. Nilipomuuliza akasema alisahau. Nimekaa jeshini miaka ishirini na sita, na askari akisahau silaha yake ilipo hatumwiti msahaulifu.

Nimempa maneno haya kwa maandishi. Sinunui hisa. Nitanunua mashine ya kupuliza chupa kwa jina langu, isajiliwe hivyo kwenye lile daftari la dhamana, naye anilipe shilingi 150 kwa kila katoni hadi zitimie milioni 45, na kila Jumamosi nione kitabu cha mauzo. Gari asubiri. Mradi wa maji aufute kabisa. Sehemu ya fedha inayobaki itakwenda kwenye hati fungani, na laki chache nimesema nitawanunulia wale wachuuzi wa kituoni maboksi mapya ya barafu yenye jina la juisi yake, kwa sababu mengine niliyoyaona yamepasuka na yamefungwa kwa mpira wa tairi la baiskeli.

Hakufurahi sana kuhusu gari. Amesema atanijibu Jumapili, baada ya kuzungumza na mke wake, ambaye nimekuja kugundua kwamba ndiye anayelishika daftari la madeni.